Mbona Ng'ombe Wetu ni Wadogo?



Mnadani swali ni lile lile: mbona zebu wetu ni wadogo, na Boran wa ranchi ni mkubwa? Wengine wanasema tuuze wote, tununue wakubwa. Kabla hujauza, sikiliza.

Mwili wa mnyama hufuata nchi anayoishi. Wanyama wengi wa porini katika nchi za baridi ni wakubwa kuliko ndugu zao wa nchi za joto, kwa kuwa mwili mkubwa hutunza joto. Mwili mdogo hupoa upesi na hushiba kwa kidogo. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Kisha ni kiangazi kirefu. Kwa vizazi vingi, aliyevuka kiangazi ndiye aliyezaa. Ndivyo tulivyowapata zebu wetu, wakiwemo weupe wa Singida na wale wa Mkalama.

Fanya hesabu. Kwa siku ng'ombe hula majani makavu kama kilo 2.5 kwa kila kilo 100 za mwili wake. Jike la zebu la kilo 240 hula kilo 6. Jike la Boran la kilo 400 hula kilo 10. Malisho ya zebu watano ni ya Boran watatu tu. Boran ni ng'ombe mzuri, lakini umtunzie malisho na maji kwanza.

Hata hivyo, si udogo wote ni wa ukoo. Mwingine ni wa njaa. Ndama aliyenyimwa maziwa au kuliwa na minyoo hudumaa, na akishadumaa ni vigumu kumrudisha. Huyo ndiye anayekupunguzia bei mnadani, na dawa yake iko bomani kwako:

1. Mama unayekamua, mwachie ndama chuchu moja bila kuikamua, hasa miezi mitatu ya kwanza.
2. Mpe ndama dawa ya minyoo kwa ushauri wa afisa mifugo.
3. Tenga eneo la malisho ya kiangazi. Hifadhi mabua ya mtama na majani ya karanga.
4. Mashudu ya alizeti tunayo. Wape kidogo mitamba na wanaonyonyesha.
5. Dume linalokua vizuri usilihasi wala usiliuze mapema. Mengine yahasi.
6. Dume lisipande binti zake. Badilishana na jirani wa mbali kila baada ya miaka mitatu hivi.

Ukitaka damu ya Boran, usianze na mitamba midogo. Ndama mkubwa anaweza kukwama wakati wa kuzaa, ukapoteza mama na mtoto. Anza na majike makubwa yaliyokwisha kuzaa.

Mlishe kwanza ng'ombe uliye naye. Ndipo utajua ukubwa wake halisi.