Bamba, Mikanda na Pumzi: Kufunga Mtungi wa Regulata ya Mirija Miwili



Hapa Moshi, kila aliyefanya kazi ya mlima anajua kupanga begi. Vizito hukaa juu, usawa wa mabega, vikiwa vimegusana na mgongo, na mkanda wa kiunoni hubeba sehemu kubwa ya uzito. Mtungi wa hewa wa mzamiaji wenye regulata ya mirija miwili, ile ya kizamani, unakubali nusu tu ya kanuni hiyo. Lazima ugusane na mgongo, lakini ukae chini. Anayeupandisha kama begi la safari ya kilele cha Kibo atavuta hewa kwa taabu tangu anapozama hadi anapoibuka.

Katika regulata za siku hizi, vali inayompa mzamiaji hewa ipo mdomoni. Katika hii ya zamani, kazi yote hufanyika ndani ya kopo la duara lililofungwa kwenye kichwa cha mtungi, nyuma ya mzamiaji. Mrija mmoja huleta hewa kinywani, wa pili huirudisha koponi, na mapovu hutokea kisogoni. Ndiyo maana wapiga picha wa baharini waliipenda: uso unabaki wazi na samaki hawashtuki.

Sasa, ndani ya kopo hilo kuna kiwambo cha mpira kinachopima mgandamizo wa maji mahali kilipo chenyewe, wala si mahali yalipo mapafu. Mzamiaji akilala kifudifudi, kiwambo kinakuwa juu ya mapafu. Tofauti ya kimo ya sentimita 10 ni sawa na takriban sehemu moja ya mia ya mgandamizo wa angahewa. Ni ndogo, lakini misuli ya kifua huilipia kwa kila pumzi. Akigeuka chali, mambo hupinduka na hewa humiminika yenyewe.

Mzamiaji Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikutana na jambo hili mapema kabisa. Mwaka 1943, katika mto Marne nchini Ufaransa, chombo chao cha kupumulia kilifanya kazi vizuri mzamiaji alipolala, lakini kilipoteza hewa aliposimama wima. Tundu la kutolea pumzi lilikuwa mbali na kiwambo. Walilihamishia karibu nacho, na kutokana na hilo ukazaliwa mrija wa pili. Walichoacha kwa mzamiaji mwenyewe ni umbali kati ya kiwambo na mapafu, na umbali huo huamuliwa na mikanda. Kwa hiyo naiona mikanda kuwa sehemu ya chombo cha kupumulia, na naomba mafundi wetu wanaoishona waione hivyo.

Mikanda ya zamani ilikuwa myepesi: miwili ya mabegani, mmoja wa kiunoni na mmoja wa kupita katikati ya miguu, basi. Mtungi ulilalia mgongo. Leo wengi hutumia bamba la chuma kisichoshika kutu, lenye utepe mmoja mrefu wa nailoni wenye upana wa sentimita 5 uliopitishwa kwenye matundu yake. Bamba ni zuri, halipindiki, na linadumu. Tatizo huanza pale watu wanapoweka kati ya bamba na mtungi kibofu kipana cha kuelea, kisha na kipande cha chuma cha kushikia mtungi mmoja. Kila kimoja kinausogeza mtungi mbali na mgongo, na kibofu kikijaa hulisukuma kopo au kuziba njia ya mapovu. Ushauri wangu: ondoeni kipande hicho, pitisheni mikanda ya mtungi moja kwa moja kwenye matundu ya bamba, na chagueni kibofu chembamba sehemu ya juu. Kisha teremsheni mtungi hadi kopo likae kati ya mafupa ya bega, chini ya shingo.

Kwa hapa kwetu kuna mambo mengine. Ziwa Chala, kule Rombo mpakani na Kenya, lina maji yasiyo na chumvi, na uso wake uko takriban mita 880 juu ya usawa wa bahari. Maji ya aina hiyo huelesha mtu kidogo kuliko bahari. Mzamiaji ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 90 hupunguza vizito vyake vya risasi kwa kilo 2 hivi. Aliyezoea bamba la aluminiamu katika bahari ya Mnemba, kisha akafunga la chuma Chala bila kupunguza risasi, anajitia uzito wa hatari. Majedwali ya muda wa kuzamia nayo lazima yarekebishwe kwa mwinuko huo. Ziwa hilo halina mzaha: mwaka 2002 mamba alimuua kijana aliyekuwa akiogelea humo.

Na wageni wanaozamia Unguja kisha wanaruka kuja kupanda mlima, waulizeni mapema walizamia lini. Baada ya siku kadhaa za kuzamia, wasubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Lango la Marangu lenyewe liko zaidi ya mita 1,800, kwa hiyo hata anayetoka Chala kwa gari anahitaji kusubiri.

Kwa mafundi wanaoshona mabegi ya mlimani: msishone mikanda moja kwa moja siku ya kwanza. Fungeni kwa bizimu tu, mzamiaji aingie kwenye bwawa la kuogelea, alale kifudifudi, ageuke upande, kisha chali, na aseme pumzi inakuwaje katika kila mkao. Sogezeni mtungi kidogo kidogo, mrudie. Pumzi ikikaa sawa, wekeni alama ya chaki kwenye utepe, kisha shoneni. Bizimu ya kiunoni iwe ya kufunguka kwa mkono mmoja, hata ukiwa umevaa glavu.