Namba ya Toleo Peke Yake Haitoshi

(Hotuba iliyotolewa siku ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu serikalini. Natunza kompyuta zinazohifadhi kumbukumbu za wananchi, na sehemu kubwa ya programu zinazoziendesha ni programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha. Programu hizo hubadilika kila mara. Kila tunapopokea toleo jipya hatuna budi kuandika tumepokea nini na kutoka wapi. Vijana wengi wanaokuja kwetu kutoka chuo kikuu huliona jambo hilo kuwa kazi ya karani. Ni kazi ya karani kweli, na karani mzuri wa masijala ana thamani kuliko wanavyodhani.

Ukisikia toleo 5.6.1, hilo ni jina tu. Mwenye programu ameamua kuliita hivyo, kama mzazi anavyompa mtoto jina. Kitu cha pili ni alama ya komiti. (Msidhani ni kamati! Mafundi huita hivyo kila badiliko linalosajiliwa katika hazina ya programu.) Chombo kinachotumika zaidi kusajili ni Git, alichokitunga Linus Torvalds mwaka 2005. Git huchukua yaliyomo katika faili zote, jina la aliyebadili, saa, na alama ya komiti iliyotangulia, ikavikokotoa pamoja na kutoa, kwa kawaida, tarakimu na herufi 40. Ukigusa nukta moja, alama nzima hugeuka.

Katikati kuna lebo, inayolifunga jina la toleo kwenye komiti fulani. Lebo yaweza kuhamishwa. Machi 2025 kifaa kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na hazina zaidi ya 23,000 za GitHub, kilivamiwa. Wavamizi walihamisha lebo za matoleo ya zamani zikaelekea komiti yao, na komiti hiyo ikawa inaanika siri za watumiaji. Waliokuwa wameandika namba ya toleo tu waliletewa sumu chini ya jina lile lile la jana. Waliokuwa wameandika alama ya komiti ya zamani waliendelea kupata kile walichokikagua.

Kisa cha 2024 kilikuwa kigumu zaidi. Programu ya xz, ya kubana faili, imo karibu katika kila mashine ya Linux. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kuisaidia tangu 2021 mpaka akaaminiwa kutoa matoleo. Februari na Machi 2024 akatoa 5.6.0 na 5.6.1, ndani yake mkiwa na mlango wa siri. Sasa sikilizeni vizuri. Hati iliyouamsha mlango huo haikuwamo katika hazina. Iliwekwa ndani ya kifurushi kilichofungwa tayari kwa watu kupakua, basi. Namba ilikuwa sawa, lebo ilikuwapo, hata sahihi ya mtoaji ilikuwapo. Aliyeisoma hazina peke yake asingeiona hati ile. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, ndiye aliyeshangaa kwa nini kuingia katika mashine kwa mbali kumechelewa kama nusu sekunde, akafuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Nusu sekunde, ndugu zangu.

Kwa hiyo kwetu kila kifurushi kina mistari minne: namba ya toleo, alama ya komiti, alama iliyokokotolewa kwa kifurushi chenyewe tulichopakua, na jina la mtumishi aliyekilinganisha na hazina. Yote hubadilishwa pamoja. Ipo mifumo, Nix ikiwa mmojawapo, ambamo ukipandisha namba na kuacha alama ya zamani, mashine huweza kukutolea bidhaa ya zamani kimya kimya chini ya jina jipya. Mkuu wako anasoma ripoti kwamba ufa umezibwa, kumbe uko wazi vilevile. Mimi naliona hilo ni baya kuliko kutopandisha kabisa; asiyepandisha angalau anajua hajapandisha.

Wapo wanaosema utaratibu huu unachelewesha. Unachelewesha, ndiyo, kwa dakika chache.

Wa kidato cha tano na cha sita, baada ya chakula cha jioni nitakuwa maktaba na kompyuta yangu. Tutapakua kifurushi kimoja, tukokotoe alama yake, kisha tukilinganishe na hazina faili kwa faili. Njooni na daftari na kalamu.