Kijana Akishuka Mlima Kwenda Sinza, Nani Anampokea?

(Mada iliyotolewa na mwanachama wa tawi la Dar es Salaam katika mkutano mkuu wa mwaka)



Nimeombwa nizungumze juu ya vijana wetu wanaohamia mjini. Dar es Salaam ni kubwa, kwa hiyo naomba nizungumzie mtaa mmoja ninaoufahamu, yaani Sinza. Nimeishi huko tangu mwaka 1998 na nina duka la vyakula. Wateja wananiita Mama Mangi. Zamani nilikuwa nawasahihisha kwamba mimi ni Mpare, si Mchaga. Siku hizi naitika tu, maana mkate unauzika vilevile.

Mwulize kijana aliyemaliza chuo angependa kuishi wapi. Wengi watakutajia Sinza, Kijitonyama au Mikocheni, na hawana makosa. Miaka ya 1970 Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilipima viwanja katika maeneo hayo, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha wananchi wakajijengea nyumba wenyewe. Ndiyo maana hadi leo kuna Sinza A mpaka E, na gari linafika karibu na mlango wako. Chuo Kikuu hakiko mbali, Mlimani City haiko mbali, na Barabara ya Shekilango ina saluni, maduka ya nguo na sehemu za chipsi na nyama choma hadi usiku wa manane. Kijana anaona maisha yako pale.

Tena Sinza haimkatai mgeni. Tuna kituo cha daladala kinachoitwa Kwa Remmy. Huyo ni marehemu Remmy Ongala, mwanamuziki aliyezaliwa Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga muziki na Orchestra Makassy, baadaye akaongoza Super Matimila. Alifariki mwaka 2010, lakini makonda bado wanamtaja kila siku. Alitoka mbali kuliko Usangi, na mtaa ukachukua jina lake. Kwa hiyo tusiwatishe watoto wetu kwamba mji utawameza. Tuwaeleze unavyokwenda.

Bei ya kuingia

Ndugu zangu, tunataniwa kwamba Wapare tunajua kuhesabu. Basi tuhesabu. Chukueni mfano wa chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba asiyekujua anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, yaani 600,000. Dalali aliyekuonyesha chumba anataka kodi ya mwezi mmoja, 100,000. Jumla 700,000, na kijana bado hajanunua godoro, ndoo wala mtungi wa gesi. Sijahesabu fedha ambazo madalali wengine wanadai kabla hata hujapata chumba, kwa kukuzungusha tu.

Sasa tuchukue chumba hichohicho, lakini kijana amekuja na mtu ambaye mwenye nyumba anamfahamu. Nimeshuhudia zaidi ya mara moja mwenye nyumba akikubali miezi mitatu, kwa sababu jirani yake amesimama mbele yake akasema, "Huyu ni mtoto wetu." Dalali hayupo. Kijana anaingia kwa 300,000.

Tofauti ni shilingi 400,000. Chumba ni kilekile, bati ni lilelile, choo ni kilekile. Hizo 400,000 ni kodi ya kutojulikana, na watoto wetu wanailipa kila mwaka wakati sisi tupo mitaa hiyohiyo.

Wengine hufikia kwa ndugu kwanza. Ni vyema, lakini tunajua vyumba vyetu vilivyo. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na Dar jembe hakuna, kwa hiyo siku ya tatu watu wanaanza kununa. Kijana anaona aibu, anakimbilia chumba cha kwanza atakachoonyeshwa, hata kama kodi yake inazidi nusu ya mshahara. Kama kipato hakitoshi, tumwambie waziwazi aanzie Kimara au Mbezi. Sinza haihami, ataikuta.

Kujulikana mtaani

Akishapata chumba, bado hajahamia. Ameweka mizigo tu. Nawaomba wazazi muwaambie vijana mambo matatu.

La kwanza, aende ofisi ya serikali ya mtaa wiki ileile, ajitambulishe. Vijana wengi wanaikumbuka ofisi hiyo siku wanapohitaji barua ya utambulisho kwa ajili ya kufungua akaunti, kufuatilia kitambulisho cha Taifa, au kumwekea mwenzao dhamana polisi. Siku hiyo mwenyekiti anamwuliza, "Wewe unakaa kwa nani?" na hakuna wa kumwitikia.

La pili, aulize habari za LUKU kabla ya kulipa kodi. Nyumba nyingi wapangaji wanne au watano wanachangia mita moja. Mwenye pasi na mwenye friji wakichanga sawa na mwenye taa moja, ugomvi uko njiani. Wakubaliane mapema, na kila anayenunua umeme awaonyeshe wenzake ujumbe wa malipo.

La tatu, namba ya simu ya ndugu mmoja iwe kwa mwenye nyumba, na nyingine kwa jirani. Hili nalisisitiza, na nitawaeleza sababu.

Mwaka juzi kijana wa kwetu alipanga nyuma ya duka langu. Nilimtambua kwa lafudhi, tukazoeana, akawa anachukua vitu na kulipa mwisho wa wiki. Wiki moja hakulipa. Alikuwa na deni la mayai manne na mkate. Siku ya tatu nikamwuliza mpangaji mwenzake, akaniambia labda amesafiri. Nikaenda kugonga. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani, na sauti niliyoisikia haikuwa ya mtu mzima wa afya. Tukausukuma, tukamkuta chini ana homa kali, hawezi hata kusimama. Tukampakia kwenye bajaji hadi hospitali. Ilikuwa malaria.

Pale hospitali wakatuuliza jina lake kamili na ndugu zake. Wenzake wa nyumba moja, wanaochota maji naye bomba moja, walimjua kwa jina la Dogo Fundi. Simu yake ilikuwa na namba ya siri. Mama yake huko Ugweno alipata habari siku ya nne, kijana alipoweza kuongea. Leo ni mzima na yuko humu ukumbini. Ameniruhusu nisimulie, jina lake naliacha.

Watu wanasema Mama Mangi alimwokoa. Hapana, kilichomwokoa ni deni. Kama angekuwa analipa taslimu, au ananunua vitu vyake sehemu asikojulikana, mimi nisingegundua kwamba hayupo. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mama alikuwa anamwombea usiku na mchana, lakini aliyekuwa na sababu ya kugonga mlango alikuwa mwenye duka.

Ninachoomba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, najua fedha kubwa ya leo ni ya bweni la wasichana nyumbani. Nitachangia, na ninawaomba wote mchangie bila kusita. Lakini tufikirie hatua inayofuata. Binti atakayelala kwenye bweni hilo akasoma hadi usiku, atafaulu. Akifaulu, atapanda basi la Dar es Salaam. Zamani alishukia Ubungo, na Sinza ilikuwa hapo jirani. Siku hizi anashukia Mbezi, stendi mpya, tangu mwaka 2021, na jiji lote liko mbele yake. Tumemjengea pa kulala akiwa nyumbani. Akishuka pale stendi, nani anampokea?

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila eneo lenye wanachama liwe na mwenyeji mmoja aliyekubali kwa hiari yake: Sinza, Kimara, Tabata, Mbagala, Kigamboni na kwingineko. Kazi yake si kulisha wala kulaza watu. Kazi yake ni kumpeleka kijana kwa mwenye nyumba na kwa serikali ya mtaa, na kuwa na namba ya mama yake. Kwa Sinza naanza mimi.

Pili, tuwe na mfuko wa kodi, nao uende kama ndiva. Wazee hapa wanaijua ndiva kuliko mimi. Maji hukusanywa usiku, asubuhi hufunguliwa, na kila shamba linapata kwa zamu. Hakuna anayehamisha ndiva kwenda kwake. Wanachama 100 tukitoa shilingi 30,000 kila mmoja, tuna 3,000,000. Hizo zinawaingiza vijana kumi kwenye vyumba, kila mmoja 300,000, bila riba. Anarudisha 50,000 kwa mwezi. Baada ya miezi sita fedha yote imerudi, na kumi wengine wanafunguliwa maji. Mwenyeji wa eneo ndiye anayemdhamini, kwa hiyo hatamdhamini asiyemjua, na hatamwacha aliyemdhamini.

Tulipokuwa wadogo, filimbi ya msaragambo ikipigwa hakuna aliyeuliza kama mfereji unapita shambani kwake. Alichukua jembe akaenda. Watoto wetu wameshuka mlima, na mfereji umefika Dar es Salaam. Karatasi ya ahadi za mfuko wa kodi iko kwa Mweka Hazina, na jina langu liko mstari wa kwanza. Mistari iliyobaki ni yenu.