UHURU ULIKUWA NA DAFTARI: MANENO YETU KWENYE MKUTANO WA TAWI

Haya tuliyasema jana mkutanoni. Tunayatuma kwa waliokuwa shambani, sokoni na safarini.

Ndugu, kila tarehe 27 Februari hapa Songea tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906. Wazee wetu hawakukosa ujasiri. Vita vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905 viliunganisha makabila mengi, lakini walikabiliwa na bunduki za rashasha, na vyakula vyao vikachomwa moto. Njaa ikaua wengi kuliko risasi.

Tarehe 7 Julai 1954 ikazaliwa TANU. Wakati huo tulikuwa chini ya Waingereza, kwa udhamini wa Umoja wa Mataifa. Safari hii silaha ilikuwa kadi, matawi na michango. Mwaka 1955 Mwalimu Nyerere alipokwenda New York kudai haki yetu, nauli ilichangwa na wanachama. Tarehe 9 Desemba 1961 tukajitawala.

Ng'ambo ya Mto Ruvuma kazi ilikuwa ngumu zaidi. Ureno ilisema Msumbiji si koloni, ni jimbo lake. Tarehe 25 Juni 1962 vyama vitatu viliungana Dar es Salaam, ikawa FRELIMO. Vita vikaanza Septemba 1964. Mwaka 1969 Mondlane akauawa kwa bomu, lakini chama hakikufa naye. Aprili 1974 wanajeshi wa Ureno, wamechoshwa na vita vya Afrika, wakaipindua serikali yao wenyewe. Msumbiji ikapata uhuru tarehe 25 Juni 1975, miaka 13 kamili tangu chama kiundwe.

Ndugu, ujasiri ulikuwepo tangu 1905. Kilichoongezeka ni umoja wenye daftari: nani mwanachama, kachanga nini, fedha imekwenda wapi.

Hapo sisi viongozi wa tawi tunakiri kosa. Kwa miezi sita hatukuwasomea mapato na matumizi, na wengi mkaacha kulipa ada. Hatuwalaumu. Asiyeonyeshwa daftari atachangia kwa imani gani?

Jumapili ijayo, saa 9 alasiri, tutasoma hesabu zote, risiti zikiwa mezani. Ulizeni lolote. Mwenye deni la ada naye aje. Hakuna atakayezuiwa mlangoni.

Katibu, kwa niaba ya uongozi wa tawi
Songea