Mzazi na Mwalimu Siku za Kufungua Shule

Siku za mapumziko zakaribia kwisha, na mwezi wa Januari shule zetu za Tanzania zitaanza mwaka mpya wa masomo. Madukani watu wananunua madaftari, na mafundi wa cherehani wanakesha wakishona sare. Hayo ni mema. Lakini jioni hii twapenda kusema juu ya jambo lisilouzwa dukani, nalo ni mapatano baina ya mzazi na mwalimu.

Tulipokuwa tukifundisha katika kijiji kimoja upande wa Muheza, tulikuwa na msichana wa darasa la tatu aliyechelewa kila siku. Tulimwonya, kisha tukampa adhabu ya kufagia uwanja. Hakujitetea hata neno moja. Tulimwandikia mama yake barua, wala hatukupata jibu. Basi tukasema mioyoni mwetu kwamba hao ni watu wasiojali elimu.

Mwezi wa tatu akaja bibi yake, akijikokota kwa mkongojo. Tukamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaketi, akatueleza. Mama wa mtoto alikuwa mgonjwa kitandani. Kila alfajiri yule msichana alimbeba mdogo wake mgongoni, akavuka naye bonde mpaka kwa bibi, ndipo akashika njia ya shule. Barua ilifika, ila mama aliogopa kumtuma mtu, kwa kuwa alidhani ataulizwa habari za sare mpya, naye hakuwa na fedha.

Siku ile tuliona haya. Tulikuwa tumemwadhibu mtoto kwa sababu ya wema wake. Tukapatana na bibi kwamba mtoto aingie darasani saa yoyote afikapo, na somo lililompita tumfundishe mchana. Kosa kubwa lilikuwa letu, maana tuliadhibu kabla ya kuuliza. Lakini kimya cha nyumbani nacho kilimwumiza mtoto. Mkono mmoja haulei mwana.

Basi, mzazi, juma la kwanza nenda shuleni mwenyewe, hata kama hujui kusoma. Mweleze mwalimu mambo matatu: afya ya mtoto, hasa macho na masikio yake, njia aipitayo, na kazi aifanyayo nyumbani. Asiyeona ubao vizuri huweza kuitwa mjinga, kumbe angeketishwa mbele angeshinda wenzake.

Tena usijifiche kwa sababu ya umaskini. Tangu mwaka 2016 shule za Serikali zafundisha bila ada mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita viliongezwa. Sare na madaftari bado ni mzigo wa mzazi. Ukipungukiwa, sema mapema. Mwalimu aliyeambiwa huweza kungoja, bali asiyeambiwa hudhani umedharau.

Ukiwa na manung'uniko, usimtukane mwalimu mbele ya mtoto, maana kesho mtoto huyo hatalisikiliza somo lake. Mwendee kwanza mwalimu wa darasa. Msipopatana, mwone mwalimu mkuu. Baada yake iko kamati ya shule, ambayo wazazi wenzako wamo. Wala usingoje ugomvi. Jioni mwambie mtoto akuonyeshe daftari lake, nawe uliza alichojifunza.

Na ninyi walimu wenzetu, mzazi ajapo, inukeni, mpeni kiti, na neno la kwanza liwe jema juu ya mtoto wake. Huenda ametembea mwendo mrefu, na moyo wake unadunda kwa hofu kuliko wa mwanafunzi siku ya mtihani. Akipokewa vibaya mara moja, hatarudi tena.

Yule bibi alirudi mara nyingi, akatuletea habari za nyumbani, nasi tukampa habari za darasani. Mtoto alipotuona tukizungumza chini ya mwembe, alicheka. Kabla ya hapo hatukupata kumwona akicheka.

Kwaherini, wasikilizaji wetu.