Bei ya Maji: Jani la Pamba na Jua la Januari

Katika mashamba ya Nkoma mkoani Simiyu, na kote kati ya Itilima na Bariadi, mvua za Novemba na Desemba zikishaotesha pamba, mara nyingi hufuata ukavu wa Januari na Februari kabla mvua hazijarudi. Katika majuma hayo jani la pamba hulegea saa saba mchana, kisha huinuka tena jua likitua. Anayelitazama husema mmea unapoteza maji, na neno hilo kupoteza limebeba hukumu ndani yake: kwamba kila tone linalotoka kwenye jani ni hasara, na mmea hodari ni ule unaobana kuliko wenzake. Hukumu hiyo naipinga. Jani halipotezi maji, linayalipa. Hasara ya kweli ya mkulima wa Simiyu ni yale maji yanayoondoka shambani bila kupita kwenye jani la zao lake.

Tuanze na sababu ya malipo yenyewe. Jani limevikwa utando wa nta usiopitisha maji kwa urahisi, na kama kutunza maji kungekuwa kazi yake pekee, lingejifunika lote na habari ikaishia hapo. Lakini nta inayozuia mvuke kutoka huzuia pia hewa ya ukaa kuingia, na bila hewa hiyo hakuna usanisinuru, hakuna sukari, hakuna nyuzi za pamba. Ndiyo maana ngozi ya jani ina matundu madogo mno, mengi yakiwa zaidi ya mia moja katika milimita moja ya mraba. Kwa jumla hayachukui zaidi ya asilimia chache za eneo la jani, ila mwaka 1900 Waingereza Horace Brown na Fergusson Escombe walionyesha kwamba hewa hupita kwenye vitundu vilivyotawanyika kwa wingi usiolingana na udogo wa eneo lake, kwa kuwa kinachotawala mwendo ni ukingo wa tundu kuliko eneo lake. Mlango ni mdogo, lakini umejengwa kwa ustadi mkubwa.

Sasa tazameni mizani iliyopo mlangoni hapo. Hewa ya nje ina takriban sehemu 4 za hewa ya ukaa katika kila sehemu 10,000. Ndani ya jani, kwenye nyuzijoto 30, hewa imeshiba mvuke unaokaribia sehemu 4 katika kila 100. Kinachotafutwa ni haba na kinacholipwa ni tele, kwa hiyo mmea kama pamba hutoa molekuli mia kadhaa za maji kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayonaswa. Katika maji yote yanayonyonywa na mizizi, zaidi ya asilimia 95 hupanda shinani na kutokea majani. Huu si uzembe wa mmea, ndiyo bei iliyopo sokoni, na jani halikuipanga. Lililo mikononi mwake ni saa ya kufungua duka.

Saa hiyo hupangwa na seli mbili zilizokumbatiana kwenye kila tundu, ambazo tunaweza kuziita seli linzi. Mwanga wa asubuhi ukizigusa huvuta chembe za potasiamu ndani yake, maji hufuata, seli huvimba na kupinda, na tundu likafunguka. Potasiamu ikitoka, seli hunywea na tundu hufungwa. Kemikali inayoamuru kufunga wakati wa ukame inaitwa asidi ya absisiki, na ilifika maabara kupitia zao letu wenyewe: mwanzoni mwa miaka ya 1960 Frederick Addicott na wenzake huko California waliitenga kutoka kwenye vitumba vichanga vya pamba, walipokuwa wakitafuta sababu ya vitumba kudondoka kabla ya kukomaa. Mkulima anayeona vitumba vimetapakaa chini ya miche yake mwezi Februari anatazama tukio lilelile lililowashughulisha watafiti hao. Katika miaka ya 1980 jaribio la Uingereza liliongeza jambo la kuvutia zaidi. Mizizi ya mche wa mhindi iligawanywa katika vyungu viwili, kimoja kikamwagiliwa na kingine kikaachwa kikauke. Majani yalikuwa na maji ya kutosha, hata hivyo yalianza kufunga matundu yake. Jani, basi, halisubiri kiu ilifikie. Hupokea habari za udongo na kubana matumizi mapema.

Mimea haikubaliani juu ya bei moja. Mtama na mahindi hukusanya kwanza hewa ya ukaa kwa njia ya pekee na kuirundika karibu na mahali inapotumika, kwa hiyo matundu yake yanaweza kubaki yamebanwa kiasi na kazi ikaendelea. Vipimo vya Lyman Briggs na Homer Shantz kwenye nyanda kavu za Colorado, miaka ya 1910, viliupa mtama takriban kilo 300 za maji kwa kilo moja ya mmea mkavu, huku pamba ikihitaji zaidi ya 500. Minyaa tunayoipanda kuzunguka miji yetu, pamoja na mkonge, imekwenda mbali zaidi. Mimea hiyo hufungua matundu usiku hewa ikiwa imepoa, huhifadhi hewa ya ukaa katika hali ya asidi, na mchana hujifungia ndani na kuitumia.

Hapa atasimama mtu aniambie nimejipinga mwenyewe. Kama minyaa na mtama hulipa kidogo, je, ubora haupo katika kubana? Swali ni la haki, na kwa upande wa chakula nakubaliana nalo kwa sehemu kubwa: kaya ya Nkoma yenye mtama ghalani ina kinga ambayo mahindi hayaitoi. Lakini kulipa bei nafuu si sawa na kufunga duka. Minyaa huishi, ila hakuna anayeivuna kama zao. Pamba nayo inatupa ushahidi ulio kinyume kabisa na imani ya kubana. Katika jangwa la Arizona, waliochagua mbegu za pamba aina ya Pima kwa kuangalia mavuno walijikuta, bila kukusudia, wamezalisha mimea yenye matundu yaliyofunguka zaidi. Kila gramu ya maji inayogeuka mvuke hubeba joto, na jani lililopozwa hulinda maua na vitumba visiungue. Mashamba yale yalimwagiliwa, nami sisemi tuyaige. Nasema tu kwamba jani lililofungwa katikati ya mchana hukosa chakula na kupata moto kwa wakati mmoja.

Wapo pia wanaotumaini kwamba ongezeko la hewa ya ukaa duniani litatupunguzia bei. Tumaini hilo lina ukweli wake: Ian Woodward alionyesha mwaka 1987, kwa majani yaliyokaushwa na kutunzwa tangu zama za kabla ya viwanda, kwamba idadi ya matundu imepungua kwa karibu asilimia 40 katika miti aliyoichunguza. Lakini kila nyuzijoto moja inayoongezeka huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hewa yenye njaa ya mvuke hulivuta jani kwa nguvu zaidi. Punguzo upande mmoja, nyongeza upande wa pili. Sioni mkulima wa kutegemea hesabu hiyo.

Kama hoja yangu ina mashiko, basi shamba lisomwe upya. Magugu ni majani pia, yana matundu, nayo hununua kwa maji yaleyale. Palizi ya mapema katika pamba ni kufunga maelfu ya milango isiyo yetu kwa mpini wa jembe. Udongo mtupu kati ya mistari hauna hata mlango: hutoa maji bila kununua chochote. Ndiyo maana naona matuta fungamano yanayozuia mvua isitiririke, na mabua yanayofunika ardhi, ni mambo ya fiziolojia ya jani sawasawa na yanavyohusu udongo. Najua matuta yana kumbukumbu chungu Usukumani, kwa sababu serikali ya kikoloni iliyalazimisha kwa amri na faini baada ya mwaka 1947. Watu walikataa shuruti, na walikuwa na haki. Maji yanayokusanyika kwenye tuta hayana lawama katika hilo, ingawa kwenye udongo mweusi wa mbuga tuta lililofungwa linaweza kuigharikisha mizizi, kwa hiyo luseni, yaani udongo wa kichanga, na mbuga visipewe dawa moja.

Hoja ya mwisho ni ya miti: kwamba miti hunywa maji mengi, heri ikatwe. Kunywa inakunywa. Ila mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986 katika Shinyanga ya wakati ule iliyoijumuisha Bariadi, uliwasaidia wanavijiji kurudisha ngitili, yaani malisho yanayofungiwa kwa ajili ya kiangazi, juu ya zaidi ya hekta 300,000, na malisho ya kiangazi yakarudi nayo. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2016 ulibainisha kwamba miti ya wastani, si msitu mzito wala uwanda mtupu, ndiyo iliyoruhusu maji mengi zaidi kushuka ardhini, kwa kuwa mizizi hufungua njia ambazo maji ya mvua huzifuata. Neno lenye uzito hapo ni wastani.

Na iko hali moja ambayo kubana ndiko kunakofaa, wala siwezi kuipita kimya. Dengu hupandwa mbugani mvua zikielekea kuisha, na huishi kwa akiba iliyomo ardhini peke yake. Hapo kila mche unaokunywa haraka katika majuma ya kwanza unakula maji ya kujazia punje, na hakuna mvua itakayoyarudisha. Nafasi kati ya mche na mche inakuwa ndiyo kipimo cha majani mangapi yaanze kununua mapema, na kiasi gani cha akiba kibaki chini mpaka maganda yajae.