Mdahalo Haupigi Kura



Leo nawapeleka mbali kidogo, mpaka Las Vegas, Marekani, usiku wa tarehe 19 Februari 2020. Msiniulize kwa nini tuende huko ilhali shida zetu ziko hapa. Agosti 2027 inakuja, na sisi vijana tuna mazoea ya kuamini kwamba aliyeshinda mdahalo ameshashinda kura. Usiku ule unasema vingine kabisa.

Kwanza tuelewane. Chama cha Democratic kilikuwa kinatafuta mtu wa kumkabili Donald Trump. Kwa wenzetu, mgombea urais hupatikana kwa mchujo: majimbo yanapiga kura moja baada ya jingine kwa miezi kadhaa, na wagombea wa chama kimoja wanapandishwa jukwaani waulizwe maswali na wabanane wenyewe kwa wenyewe. Usiku ule walikuwa sita: Bernie Sanders, Joe Biden, Elizabeth Warren, Pete Buttigieg, Amy Klobuchar na Michael Bloomberg.

Macho yote yalikuwa kwa Bloomberg. Huyu ni bilionea, amekuwa meya wa New York miaka 12. Alikuwa amemwaga mamia ya mamilioni ya dola zake mwenyewe kwenye matangazo, na ndiyo mara ya kwanza kusimama na wenzake katika mchujo ule. Warren hakumpa nafasi ya kupumua. Alimsomea maneno aliyodaiwa kusema kuhusu wanawake, kisha akamtaka awaachilie wanawake waliofungwa midomo kwa mikataba ya siri. Bloomberg akababaika mbele ya dunia nzima.

Akaulizwa pia kuhusu polisi. Chini ya umeya wake, polisi wa New York walikuwa wakisimamisha watu barabarani na kuwapekua. Mwaka 2011 peke yake walifanya hivyo zaidi ya mara 680,000. Wengi wa waliosimamishwa walikuwa weusi na Walatino, na wengi sana hawakukutwa na kosa lolote. Vijana wa Eastleigh na wa Majengo, hili hamhitaji kuelezewa mara mbili.

Karibu watu milioni 20 walitazama. Asubuhi yake wachambuzi wengi walisema Warren ndiye aliyeng'ara na Bloomberg ameumbuka. Mitandao ikajaa vipande vya video, watu wakicheka, watu wakishangilia. Michango ikamiminika kwa Warren. Ungekuwa unafuatilia kwa simu tu, ungeapa kwamba mama huyu ndiye mgombea.

Sasa tuangalie kura.

Siku tatu baadaye ikawa zamu ya jimbo la Nevada, lilelile la mdahalo. Sanders akashinda kwa mbali. Warren akawa wa nne. Kwani wapiga kura hawakumsikia? Walimsikia. Lakini upigaji kura wa mapema ulikuwa umefungwa siku moja kabla ya mdahalo. Watu karibu 75,000 walikuwa wameshapiga kura, na wote walioshiriki walikuwa kama 105,000. Yaani katika kila watu kumi, saba walikuwa wameshaamua kabla Warren hajafungua mdomo.

Halafu ikaja South Carolina, tarehe 29 Februari. Hapo akashinda Joe Biden, na akashinda vizuri. Huyu alikuwa wa nne Iowa na wa tano New Hampshire, na katika midahalo hakuna aliyemwita bingwa. Lakini siku tatu kabla ya kura, Jim Clyburn, mbunge mweusi wa miaka mingi jimboni humo, alisimama akasema yeye yuko na Biden. Wapiga kura walipoulizwa wakitoka vituoni, wengi walisema kauli ya Clyburn ilikuwa na uzito kwao. Mzee mmoja anayeaminika, watu wake wanamjua na yeye anawajua, alifanya kazi ambayo masaa mawili ya televisheni hayakuifanya.

Tarehe 3 Machi majimbo 14 yakapiga kura siku moja. Bloomberg, pamoja na pesa zake zote, alishinda kisiwani American Samoa tu, na kesho yake akajiondoa. Warren alikuwa wa tatu katika jimbo lake mwenyewe la Massachusetts. Tarehe 5 Machi naye akaaga. Aliyeshinda mdahalo na aliyeshindwa wakaondoka kwenye kinyang'anyiro siku mbili zikifuatana.

Sasa tujiulize: wapiga kura walikuwa wanasikiliza nini? Wachambuzi walikuwa wanauliza nani ameongea vizuri. Mpiga kura wa kawaida alikuwa na swali lingine: nani anaweza kumtoa Trump? Tafiti za vituoni katika mchujo ule zilionyesha hivyo tena na tena, kwamba wengi walimtaka anayeweza kushinda kuliko yule anayekubaliana nao kwa kila jambo. Mtu anaweza kumpigia makofi Warren usiku, na asubuhi akampigia kura Biden, wala asione kwamba amejipinga. Makofi ni ya kile ulichokipenda. Kura ni ya kile unachokihesabu kwamba kitawezekana, na unahesabu ukiwaangalia jirani zako.

Sisemi midahalo haina maana. Ile ilimvua Bloomberg nguo ambayo matangazo yalimshonea, na hilo ni jambo kubwa. Lakini mdahalo ni mwepesi wa kubomoa kuliko kujenga. Kujenga kunafanyika kabla, mtaani, nyumba kwa nyumba.

Na sisi tunayo yetu. Mnamkumbuka mwalimu Mohamed Abduba Dida? Februari 2013, mdahalo wa kwanza wa urais Kenya. Aliongezwa dakika za mwisho. Nchi nzima ikacheka naye, ikampenda, majina ya utani yakatoka, kila mtu anamnukuu. Mwezi uliofuata kura zikahesabiwa, na hakufika hata asilimia 1. Upendo ulikuwa wa kweli, lakini haukuwa na mawakala wala ofisi mashinani, wala mtu wa kubisha hodi kwa jirani.

Tena tofauti yetu na Marekani iko hapa: sisi mchujo wa urais hatuuoni kabisa. Machi 2022 wajumbe wa UDA walikutana Kasarani, wakamwidhinisha William Ruto siku moja, kwisha. Hakuna wagombea waliobanana mbele yetu, hakuna jimbo lililopiga kura. Kwa viti vya chini, ugavana mpaka uwakilishi wadi, sheria ya vyama inaruhusu njia mbili: wanachama wote wapige kura, au wajumbe wachague. Katika sehemu nyingi za nchi hii, mwenye tiketi ya chama kikubwa ameshapata kiti. Agosti ni kumalizia tu.

Na nani anapiga kura ya mchujo? Aliye kwenye daftari la wanachama. Juni 2021 Wakenya wengi walikagua majina yao wakajikuta wameandikwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuvijua. Kwa hivyo kabla hujabishana nani amemjibu nani kwenye televisheni, ingia eCitizen, tafuta huduma ya Msajili wa Vyama vya Kisiasa, uone umeandikwa wapi. Kama si chama chako, jiondoe. Kama una chama, hakikisha jina lako limo. Na kama hujajiandikisha kura kwa IEBC, nenda mapema. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Waulize watu wa Nevada waliotaka kubadilisha nia baada ya tarehe 18.

Halafu kuna kazi ya Clyburn. Usidhani ni ya wabunge peke yao. Katika kila mtaa yuko mtu ambaye akisema neno, nyumba kumi zinasikia. Pengine ni mama wa chama cha akiba, pengine ni mzee wa baraza, pengine ni yule kijana wa bodaboda ambaye wenzake humsikiliza. Mtafuteni. Ketini naye kabla wanasiasa hawajamfikia, mwambieni shida za mtaa ni hizi, na atakayetaka kura zetu ajibu haya matatu. Kama hayupo, basi wewe anza kuwa huyo mtu. Inachukua muda, ndiyo maana tunaanza sasa.

Midahalo itakuja. Itazameni, chekeni, bishaneni, msambaze vipande. Lakini televisheni ikizimwa, kila mmoja amuulize aliyekaa naye: jina lako liko kwenye daftari gani?

Wabillahi tawfiq.